Nyumba Yetu, Ufa Wetu na Mahakama



Habari za hisa na mikopo ameziandika katibu. Mimi naandika ile habari ambayo wengi hatupendi kuitaja, ya nyumba na kesi. Tukiificha, watakaokuja nyuma yetu wataliwa kama tulivyoliwa sisi.

Mwaka wa nne wa kikundi tulikubaliana kujenga vyumba vitatu hapa mtaani, viwili vya kupangisha na kimoja ofisi. Pesa yenyewe ilikuwa ya jasho: ya vitumbua, ya mama lishe, ya mchicha wa bondeni. Fundi aliletwa na mwenzetu mmoja, ni shemeji yake. Mimi ndiye niliyemkabidhi malipo ya kwanza. Kwenye karatasi ya daftari tukaandika kiasi cha pesa na sahihi zetu, mimi, mweka hazina na yeye, basi. Hatukuandika mfuko wa saruji utoe tofali ngapi, nondo ziwe za unene gani, wala kazi iishe lini. Kosa hilo ni langu na naliandika kwa mkono wangu.

Masika ya kwanza ukuta ukapasuka kuanzia juu ya dirisha mpaka chini. Tofali ukilikwangua kwa ukucha linamomonyoka. Tukaita fundi mwingine, akabomoa kipande cha lenta, akakuta nondo mbili nyembamba mahali pa nne. Yule bwana tulipomwita alisema ardhi inatitia. Mara ya pili akasema sisi ndio tuliobana saruji. Mara ya tatu hakupokea simu.

Hapo ndipo kikundi kilipotaka kufa. Wengine walisema mwenzetu amekula pamoja na shemeji yake. Alilia mkutanoni, akakaa wiki tatu bila kuja.

Tulianzia serikali ya mtaa. Fundi akaahidi kurekebisha, hakuonekana. Ndipo tukaenda mahakama ya mwanzo, mimi na mweka hazina, kwa sababu majina yetu ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi. Niliogopa kweli, mimi mtu wa darasa la saba. Lakini kule mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili, na dada mmoja wa msaada wa sheria alitufundisha mapema.

Alituambia ugomvi huu si wa leo. Huko Babeli, nchi ya Iraki ya sasa, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, sheria za mfalme Hammurabi zilichongwa kwenye jiwe. Nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, aliyeijenga naye auawe. Ukuta ukilala, aujenge upya kwa mali yake. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inasema aliyevunja mkataba amlipe mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko. Hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba, ila kuyathibitisha ndiyo kazi. Tena sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kudai haki ya mkataba, ukilala imekwisha. Na sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu kazi, muulize kama amesajiliwa. Sisi hatukuuliza.

Siku ya ushahidi tulikuwa na ile karatasi, risiti, picha za ufa na fundi wa pili. Lakini uzito mkubwa ulitoka kwa mwenzetu yule yule tuliyemsema. Alisimama akaeleza alivyomwona shemeji yake akipakia mifuko ya saruji yetu kwenye mkokoteni jioni. Alijua ukweni hatasalimiwa, na kweli alinuniwa muda mrefu. Kwa niaba ya kikundi, namwomba radhi hapa.

Mahakama ilitupa haki, fundi akaamriwa kulipa gharama za marekebisho. Alilipa kwa mafungu, la mwisho hatujaliona mpaka leo. Nyongeza tulijichangisha wenyewe, tukabomoa ule ukuta, tukajenga upya.

Wengine wanasema tulipoteza muda kwa ajili ya ufa. Ndugu zangu, tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utachimba kaburi.

Basi tangu siku ile hatutoi pesa ya ujenzi bila mkataba wa maandishi wenye mashahidi. Tunalipa kwa hatua, msingi, kuta, lenta, paa, na kila hatua ikaguliwe kwanza. Fungu la mwisho tunalishikilia mpaka mvua inyeshe tuone. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo vyumba viwili vina wapangaji, na cha tatu ndimo tunamokutania kila Jumamosi.

Wenu katika maendeleo,
Mwenyekiti