Neno "Watu" na Udaktari wa Elizabeth Garrett

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha jinsi neno moja la kisheria lilivyoyaelekeza maisha ya mwanamke mmoja. Elizabeth Garrett alizaliwa London mwaka 1836. Mwaka 1859 alimsikiliza Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari nchini Marekani, akihutubia mjini humo, akanuia kuifuata njia hiyo.

Mwaka 1860 aliingia hospitali ya Middlesex kama muuguzi, akahudhuria mihadhara. Mwaka uliofuata wanafunzi wanaume waliwasilisha malalamiko, naye akaondolewa. Vyuo vikuu navyo vilimkataa. Ndipo alipokiendea chama cha wauza dawa, Society of Apothecaries, kilichokuwa na mamlaka ya kutoa leseni ya kutibu. Sheria iliyokiongoza ilitaja "watu", haikutaja wanaume. Chama kiliposita, baba yake, Newson Garrett, alitishia kwenda mahakamani. Mwaka 1865 binti huyo alifaulu mtihani, akapewa leseni.

Hapa mwanaisimu hana budi kutua. Katika Kiswahili nomino "mtu" haionyeshi jinsia, wala kiambishi chake cha upatanisho. Lakini Waingereza waliotunga sheria hiyo nao walitumia neno lisilobagua. Kilichobagua ni mazoea ya kulisoma. Kwa miaka mingi "watu" lilisomwa kama "wanaume", bila herufi hata moja kubadilishwa. Garrett hakutunga neno jipya. Alidai lisomwe kama lilivyoandikwa.

Wenye chama walilielewa somo hilo upesi. Hawakuligusa neno, bali waliwakataa watahiniwa waliofundishwa faraghani, ilhali shule za udaktari hazikuwapokea wanawake. Mlango ulifungwa tena, hadi sheria ya mwaka 1876 ilipoziruhusu taasisi za utahini kuwatahini wanawake. Kufikia hapo Garrett alikuwa amepata shahada ya udaktari Paris mwaka 1870, na kufungua hospitali ya wanawake London mwaka 1872. Alifariki mwaka 1917.

Basi sisi tunaojivunia lugha isiyobagua jinsia tusibweteke. Sarufi haimpi mtu haki. Humwachia nafasi ya kuidai. Kila tunapofasiri sheria au kanuni, yatupasa kuuliza: neno hili husomwaje, na ni nani anayesahauliwa ndani yake?