Mchanga wa Kwale, Fremu ya Tennessee

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Niliuona Jumapili moja nikipangusa matope, pale bomba la kiti linaposhukia kwenye ekseli ya pedeli, na kwanza nikadhani ni mkwaruzo tu. Nikapitisha ukucha. Ukanasa.

Fundi wangu wa Majengo, mzee aliyeanza kazi enzi za Black Mamba, aliigeuzageuza ile fremu juani, halafu akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hii siwezi kuichomelea."

"Mzee wangu, si wewe unachomelea hata mageti?"

"Geti halikubebi juu ya daraja la Nyali."

Alikuwa sahihi. Titani ikishika joto kali hufyonza oksijeni na nitrojeni ya hewani, na ikipoa inabaki ngumu lakini ya kuvunjika, kama biskuti. Lazima ichomelewe ikiwa imezingirwa na gesi ya agoni, nje na ndani ya bomba. Rangi ya mshono ndiyo husema ukweli: ikibaki ya fedha, kazi ni safi, ikiwa ya kijivu au nyeupe kama jivu, hewa iliingia. Kazi hiyo ndiyo unayolipia, wala si uadimu. Adimu wapi? Titani ni elementi ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia.

Na sisi Pwani tulikuwa tumeikalia. Mpaka Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikichimba mchanga Kwale, ikichuja madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuyapakia melini pale Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014. Mimi, ujinga wangu, niliamini mchanga ule unaenda kuwa ndege na baiskeli. Kumbe sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe: ya ukuta, ya karatasi, hadi ya dawa ya meno. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kwenye mashamba yao kupisha mgodi huo. Kila nikiona ukuta uliopakwa upya siku hizi, huwakumbuka.

Hadithi ya titani ilianzia mchangani pia. Mwaka 1791 kasisi mmoja wa Cornwall, William Gregor, alichunguza mchanga mweusi wa kijito cha jirani akakuta ndani yake kitu kisichojulikana. Lakini kukitambua ni jambo moja na kukitumia ni lingine. Ilibidi dunia imsubiri Wilhelm Kroll wa Luxembourg, aliyepata njia ya kuitenga metali hii kwa magnesiamu, akapewa hataza Marekani mwaka 1940. Kisha ikaja Vita Baridi. Ndege ya ujasusi ya SR-71 ilijengwa karibu yote kwa titani, na nyingi ya hiyo Wamarekani waliinunua kutoka kwa Wasovieti wenyewe, kupitia kampuni za kujificha. Yaani unamuuzia jirani ngazi, naye anaipanda kukuchungulia dirishani!

Baiskeli ziliokota makombo ya biashara hiyo. Mwaka 1973 Luis Ocaña alishinda Tour de France, na baadhi ya siku alipanda baiskeli ya titani ya Speedwell, kutoka Birmingham. Fremu za miaka hiyo, kama ile ya Teledyne ya Marekani, zilikuwa za titani tupu, laini, zinayumba ukikanyaga kwa nguvu. Dawa ilitoka tena kwenye ndege: mabomba ya kupitishia mafuta ya haidroliki, ya titani iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 3 na vanadiamu 2.5. Kwa mchanganyiko huo Merlin kule Massachusetts na Litespeed kule Tennessee walijipatia jina kuanzia 1986. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, mafundi wa titani wa kule nao wakageukia baiskeli. Kisha ikawa zamu ya China.

Sasa weka historia yote hiyo mezani, na kando yake shilingi 65,000. Ndiyo akiba yangu yote. Baiskeli hiyo ndiyo hunitoa Bamburi kila asubuhi. Bila yenyewe ni matatu, na matatu zinakula mshahara kidogo kidogo mpaka hujui ulienda wapi.

Karakana moja ya China ilinipa bei: dola 850 kwa fremu mpya ya vipimo vyangu, kabla ya usafiri na ushuru. Nikashukuru nikafunga simu. Ya Kirusi ilikuwa rahisi ajabu, ila muuzaji hakutaka kutuma picha za mishono, nami nilishajifunza mishono husema nini. Mzee akashauri chuma cha kawaida. Lakini chuma na chumvi ya bahari tunajuana. Cha kwanza kilinilia kwa kutu miaka minne tu.

Ikabaki Litespeed kuukuu, ya mwishoni mwa miaka ya 90, pauni 320, huko Leeds anakoishi binamu yangu. Nilimsumbua kwa video saa nzima. Sogeza kamera kwenye bomba la kiti. Pangusa hapo. Pitisha ukucha. Tena. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 130, sawa na magurudumu yangu. Nguzo ya kiti 27.2, sawa. Tairi haitazidi milimita 25, na hilo liliniuma, maana zangu ni za 32 na barabara yetu unaijua. Bomba la mbele ni la inchi 1 wakati foku yangu ni ya 1⅛, kwa hiyo haiingii.

"Foku ya inchi moja?" Mzee alicheka nilipomwambia. Akanyoosha mkono juu ya mlango, kwenye msumari wenye vyuma vya miaka yote, akashusha moja yenye vumbi. Hiyo sasa ina jina langu kwa chokaa. Fremu inakuja na binamu mwezi ujao, ndani ya boksi la televisheni.