Usiku wa Radi, Madison

Kila ninapowagawa wanafunzi wangu katika vikundi vya kupima programu huria, huanza kwa kuwasimulia habari za Madison, Wisconsin, mwaka 1988. Profesa Barton Miller alikuwa nyumbani usiku wa radi, ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu. Hali ya hewa ikaichafua laini, herufi za ovyo zikajipenyeza katika amri zake, na programu za mfumo endeshi wa Unix zikaanguka. Mwingine angeilaumu simu akaenda kulala. Yeye aliwapa wanafunzi wake kazi: andikeni programu ya kumwaga herufi za kubahatisha, mzilishe programu nyingine, muone zipi zitastahimili.

Matokeo yalichapishwa 1990. Kati ya programu karibu 90, robo hadi theluthi zilianguka. Sababu nyingi zilikuwa nyepesi mno: programu imetenga nafasi ya herufi kadhaa, inapokea mstari mrefu bila kuupima, ziada inafurika na kuharibu kumbukumbu ya pembeni.

Jaribio lilirudiwa 1995, na hapa ndipo hunibidi ninyanyue sauti darasani. Programu huria za GNU zilishindwa kwa asilimia 6, zile za Linux, nayo huria, 9, na za Unix ya makampuni ya biashara kati ya 15 na 43.