Transfoma Iliyo Ndani ya Tundu

Mtaani kwetu Kangemi, transfoma ni lile dude lililoning'inia juu ya nguzo. Likilipuka, kinyozi anafunga, nyama inaoza kwenye friji, na watu wanaanza kuulizana nani anamjua nani atakayeharakisha mambo. Sikujua kwamba kulikuwa na transfoma nyingine chumbani mwangu, ndogo kama punje ya dengu, nyuma ya kompyuta.

Nilijua hivyo wakati wa mvua za Aprili. Ploti yetu ilikuwa inachangia intaneti na ploti ya ng'ambo. Waya wa Etheneti ulivuka kichochoro juu kwa juu, umefungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Usiku mmoja radi ilipiga karibu. Stima haikupotea hata dakika moja, lakini asubuhi kompyuta yangu haikuutambua waya tena. Mimi hulipwa kwa makala. Kompyuta ikifa, kodi ya nyumba nayo imekufa.

Nikaifunga sipiyu kwa shuka, nikapanda matatu hadi tao, nikaipeleka kwa fundi mmoja Luthuli Avenue. Aliipima kimya, kisha akaling'oa tundu la waya na kulipasua kwa koleo.

"Mashine imepona, kijana," akasema. "Kilichokufa ni hiki."

Mimi nilidhani tundu lile ni plastiki na vipini vya shaba, basi. Kumbe ndani mlikuwa na vipete vyeusi vilivyozungushiwa nyaya nyembamba kama nywele. Kimoja kilikuwa kimeungua.

"Na hivi ni vya nini, fundi?"

"Transfoma. Bila hizo ungeniletea jeneza."

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma. Hadithi yenyewe inaanzia London mwaka 1831. Michael Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili ambazo hazikugusana popote. Alipounganisha betri kwenye waya wa kwanza, sindano ya kipimo kwenye waya wa pili iliruka, kisha ikatulia. Alipoitoa betri, ikaruka tena. Umeme wenyewe haukuvuka. Kilichovuka ni mabadiliko, yakibebwa na sumaku. Mkondo uliosimama tuli hauna njia ya kupita hapo.

Miaka iliyofuata, wajenzi wa telegrafu walikuja kuitegemea ardhi. Ili kupunguza gharama ya nyaya, mkondo ulienda kwa waya mmoja na kurudi kupitia udongo. Ndivyo telegrafu za zama za reli ya Mombasa zilivyofanya kazi kwa kawaida, reli iliyofika Nairobi mwaka 1899. Shida ni kwamba ardhi si moja. Udongo wa hapa na udongo wa pale unaweza kutofautiana kwa volti, na tofauti hiyo inasukuma mkondo ambao hakuna aliyeutuma. Tramu za umeme zilipoanza kuzagaa katika miji ya Ulaya na Marekani, simu zilizotegemea ardhi zilijaa kelele. Dawa ikawa kumpa kila mteja nyaya mbili, tena zilizosokotwa pamoja, ili kelele iziguse zote sawasawa.

Mwaka 1973, kule Xerox PARC, California, Robert Metcalfe alipendekeza Etheneti. Mwanzoni ilitumia kebo moja nene iliyopita jengo zima. Kebo hiyo ilitakiwa iunganishwe na ardhi mahali pamoja tu, na visanduku vilivyoiunganisha na kompyuta vilitenganisha umeme wa pande hizo mbili. Kisha mwaka 1990 IEEE ikapitisha Etheneti ya nyaya zilizosokotwa, zile zile za ukoo wa simu. Sasa kila kompyuta ikawa na waya wake, na kila ncha ya waya ikahitaji transfoma yake.

Ujanja uko kwenye jozi. Volti ikipanda kwenye waya mmoja, kwa mwenzake inashuka, na transfoma hupitisha tofauti hiyo. Kelele inayozipandisha zote mbili kwa pamoja haipati njia rahisi ya kuvuka. Tena data hupangwa makusudi ili mkondo usitulie upande mmoja kwa muda mrefu, maana Faraday alishatuonyesha kwamba kilichotulia hakivuki. Baadaye watengenezaji wakavihamishia vipete hivyo ndani ya tundu lenyewe, chini ya kifuniko cha chuma. Nafasi kwenye ubao ikapatikana, na kelele ikapata mahali pachache pa kuingilia.

Kwa hiyo ploti zetu mbili zilikuwa zikizungumza bila kuchangia umeme. Yao inalishwa na transfoma ya nguzo nyingine na ina chuma chake cha ardhi. Kama waya wetu ungegusa saketi moja kwa moja, hitilafu yoyote ya stima ya kwao ingekuja kunitembelea. Kanuni za Etheneti zinataka kizuizi hicho kistahimili volti 1,500 kwa dakika nzima. Stima ya nyumbani ni 240. Radi haijui kanuni, ndiyo maana kipete kiliungua. Lakini kiliungua kikiwa mlangoni.

Wakati mwingine ardhi ya mwenzako si ardhi yako, na bado lazima mzungumze. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilileta intaneti kwa mwanga ndani ya kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hatari iko kwenye zile mita chache za mwisho za shaba, ambazo tunazitundika wenyewe.

Fundi aliweka tundu lingine. Waya wa kamba ya nguo tuliushusha, tukachanga tukavusha kipande cha faiba. Kile kipete kilichoungua ninacho bado, kwenye kifuniko cha chupa mezani.