Kaburi la Songea na Ushahidi wa Maneno

Wengi wetu tunaosomesha fasihi tumevijua Vita vya Maji Maji (1905–1907) kwa njia ya tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969. Tamthilia hiyo yatuweka Umatumbi, alikotokea Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya maji. Makala haya mafupi yanakusudia kumpeleka msomaji kusini zaidi, kwenye makumbusho ya Songea, na kudai kwamba mahali hapo pastahili kusomwa na mwanaisimu sawa na mwanahistoria.

Mgeni afikapo hapo hukuta masanamu ya viongozi wa Wangoni, na karibu nayo kaburi la pamoja la watu walionyongwa na Wajerumani mnamo Februari 1906. Kila tarehe 27 ya mwezi huo wananchi hukusanyika kuwakumbuka mashujaa hao. Miongoni mwao ni Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake.

Tuyatazame maneno hayo. Nkosi na nduna ni vyeo vilivyotoka kusini mwa Afrika pamoja na Wanguni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Lugha ya wavamizi ilimezwa na lugha za wenyeji waliotawaliwa, lakini vyeo vilibaki. Maji, kwa upande mwingine, ni neno la Kiswahili, na dawa yenyewe ililetwa Ungoni na Omari Kinjala, mjumbe kutoka kaskazini. Basi katika kaburi moja vimekutana vyeo vya Kinguni na jina la Kiswahili. Huo ni ushahidi kwamba vita hivi havikuwa vya kabila moja. Umatumbi watu walichoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Ungoni watawala walikuwa wamepokonywa mamlaka. Manung'uniko yalikuwa mbalimbali. Neno lililowaunganisha likawa moja.

Wajerumani waliviita vita hivyo uasi. Lakini mwasi ni yule avunjaye utii aliowiwa, na watu hawa hawakuwa wamewiwa utii huo. Vilevile, anayesema kwamba walishindwa kwa sababu ya ushirikina ataeleza kwa nini risasi hazikugeuka maji, asieleze kwa nini watu wa lugha nyingi walisimama pamoja. Kilichowamaliza hasa ni njaa, kwani majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano, ambacho yaaminika kilipelekwa Ujerumani. Kutafuta kichwa ni kazi ya wengine. Iliyo juu yetu ni kukusanya, katika Kingoni, Kimatumbi na Kingindo, maneno ambayo wazee wa kila jamii wamevitaja vita hivi. Mifupa yaweza kungoja katika sanduku miaka mia; neno lisilosemwa halingoji.