Awendo: Pale kiwanda kilipopanga mshahara wa mwanasoka

Mwaka 2006 ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya ulihamia mashambani mwa miwa. SoNy Sugar ya Awendo, ambayo sasa iko Kaunti ya Migori, ilitwaa taji ambalo wanajeshi wa Ulinzi Stars walikuwa wamelishikilia tangu 2003.

Timu hizo zilifanana kwa jambo moja: mshahara haukuamuliwa na soko la wachezaji. Askari wa Ulinzi hulipwa kwa cheo, afunge mabao au akae benchi. Awendo, mlipaji alikuwa Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1979. Ligi haikuandika kiwango cha juu cha mshahara. Mwajiri ndiye aliyekiweka.

Kwingineko kiwango hicho kiliandikwa. Uingereza ilianza mwaka 1901 kwa pauni 4 kwa wiki. Kufikia Januari 1961 kilikuwa pauni 20, wachezaji wakiongozwa na Jimmy Hill wakatishia kugoma, nacho kikafutwa. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Marekani ilifuata njia tofauti: kuanzia msimu wa 1984-85, ligi ya mpira wa kikapu ya NBA iliwekea kila timu kikomo cha dola milioni 3.6 kwa mishahara yote, matajiri wasije wakazoa nyota wote.

Huku kwetu, hatari ilitoka upande wa pili: pesa kukosekana. Julai 2019 serikali ilikataa kuongeza muda wa leseni za kampuni kadhaa za kamari. Agosti, SportPesa, mojawapo ya kampuni hizo, ikasitisha udhamini wa ligi. Sekta ya sukari nayo ilikuwa hoi; Septemba, kiwanda kingine, cha Mumias, kikawekwa chini ya mrasimu. Klabu iliyotegemea kiwanda na mgao wa ligi ikawa haina pa kushika. SoNy ilikosa kufika uwanjani mara tatu, na Oktoba ikatimuliwa ligini, miaka 13 baada ya ubingwa.

Viwanja vipo: leo mechi za ligi kuu huchezwa pia katika Uwanja wa Raila Odinga, Homa Bay. Kaunti inaweza kujenga uwanja, lakini nyasi nzuri hazilipi kodi ya nyumba ya beki. Kabla ya kubishania mchezaji alipwe mwisho shilingi ngapi, ligi iamue kiasi cha chini, na idai fedha hizo zionekane benki kabla ya kipenga cha kwanza cha msimu.