Kipimo Kinachofichua Ghushi: Historia ya Densiti

Densiti ni kiasi cha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, kilichomo katika kipimo kimoja cha ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hicho kinaijaza. Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki waliopima nafaka kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne, walikuwa wakipima ujazo, ilhali waliotumia ratili walikuwa wakipima uzito. Na yeyote aliyewahi kujaza chombo kilekile kwanza kwa mchele, kisha kwa pamba, anafahamu kwamba vipimo hivyo viwili havifuatani. Densiti ndiyo inayoviunganisha, kwa kuwa hupatikana kwa kugawanya tungamo kwa ujazo. Maji safi yana densiti ya karibu gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Mafuta ya nazi yana takriban 0.92, ndiyo maana huelea juu ya maji. Mpingo hufikia takriban 1.2, ndiyo maana huzama ingawa ni mti. Chuma kina 7.87, fedha 10.5, zebaki 13.6 na dhahabu 19.3. Kwa kuwa namba hizi hazibadiliki kitu kikiwa kikubwa au kidogo, pete au mche, zimekuwa kitambulisho cha maada yenyewe, na historia ya kuzipima ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutafuta ukweli wa kitu bila kukivunja wala kukiyeyusha.

Mwanzo wa historia hiyo huwekwa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, wakati Mfalme Hiero wa Pili alipomshuku sonara wake kwamba amechanganya fedha katika taji lililopaswa kuwa la dhahabu tupu, akamtaka Archimedes athibitishe jambo hilo. Kisa hicho kiliandikwa na Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeishi karibu miaka 200 baadaye, ambaye anaeleza kwamba Archimedes alilinganisha maji yaliyomwagika taji lilipotumbukizwa na yale yaliyomwagika lilipotumbukizwa bonge la dhahabu lenye uzito uleule. Hesabu inaonyesha ugumu wa njia hiyo. Taji la kilo 1 la dhahabu tupu lina ujazo wa karibu sentimita 52 za ujazo, na taji la uzito huohuo lenye asilimia 30 ya fedha lina karibu 65. Tofauti hiyo ya 13, katika chombo chenye kipenyo cha sentimita 20, huinua maji kwa chini ya nusu milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukisoma kwa uhakika. Hata hivyo, kitabu cha Archimedes mwenyewe kuhusu vitu vinavyoelea kina kanuni inayotoa njia bora zaidi, kwamba kitu kilichotumbukizwa katika kimiminika hupungukiwa na uzito ulio sawa na uzito wa kimiminika kilichosukumwa kando. Mataji hayo mawili yakipimwa kwa mizani yakiwa ndani ya maji, yatatofautiana kwa gramu 13, na tofauti hiyo mizani ya kawaida huionyesha waziwazi.

Katika vimiminika, ushahidi wa mapema unatoka Afrika Kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya tano, Synesius wa Kurene, katika nchi ambayo leo ni Libya, alimwandikia barua mwalimu wake Hypatia, mwanahisabati wa Alexandria nchini Misri, akimwomba amtengenezee mrija wenye alama za kupimia na uzito uliofungwa upande wa chini ili uelee wima ndani ya maji. Chombo alichokieleza ndicho kinachoitwa leo haidromita: katika kimiminika chenye densiti kubwa huzama kidogo, katika chenye densiti ndogo huzama zaidi, na alama iliyo sawa na uso wa kimiminika ndiyo inayosomwa.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa na wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu, ambao lugha yao ya elimu iliwaachia Waswahili maneno mizani, hekima na yakuti. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm na kufanya kazi kwa miaka mingi Ghazna, katika Afghanistan ya leo, alitengeneza chombo chenye umbo la pia na mrija mwembamba pembeni, akakijaza maji mpaka mdomo wa mrija, kisha akatumbukiza metali au kito na kupima uzito wa maji yaliyotoka. Hakuishia katika kusema kwamba kitu hiki ni kizito kuliko kile, bali aliorodhesha matokeo kwa namba, akiifanya dhahabu kuwa kigezo cha metali na yakuti ya buluu kuwa kigezo cha vito, na namba zake nyingi zinakaribiana sana na za maabara za leo. Tofauti kati yake na waliomtangulia ni kubwa, kwani kabla yake densiti ilikuwa hoja, na mikononi mwake ikawa jedwali ambalo mtu mwingine angeweza kulitumia na kulihakiki.

Kazi hiyo iliendelezwa Merv, mji uliokuwa katika Turkmenistan ya sasa, chini ya Sultani Sanjar. Masimulizi ya zama hizo yanasema kwamba mtaalamu aitwaye al-Asfizari alimjengea sultani mizani ya kutambua metali safi na zilizochanganywa, lakini mweka hazina, akihofu kwamba wizi wake ungefichuliwa, aliiharibu, na al-Asfizari akafa kwa huzuni. Al-Khazini, mtu aliyewahi kuwa mtumwa kisha akasomeshwa na bwana wake, aliichukua kazi hiyo, na mwaka 1121 akakamilisha kitabu kiitwacho Mizani ya Hekima. Ndani yake alieleza mizani yenye bakuli tano, mojawapo ikitumbukizwa majini, akasisitiza kwamba maji ya kupimia yawe ya aina moja na joto lake lizingatiwe, kwa sababu maji ya moto na ya baridi hayana densiti sawa.

Ulaya ilirejea katika swali hilo kwa nguvu mwaka 1586, Galileo alipokuwa na umri wa miaka 22 na kuandika kijitabu kuhusu mizani ndogo ya kupimia ndani ya maji. Aliukataa utaratibu wa maji kumwagika kuwa si wa uhakika, akapendekeza mkono wa mizani uzungushiwe waya mwembamba ili umbali kwenye mkono huo usomwe kwa kuhesabu mizunguko, hata kwa kupitisha ncha ya kisu juu yake na kusikiliza. Katika karne zilizofuata kipimo hicho kiliingia sokoni na viwandani, na mwaka 1768 mfamasia wa Paris, Antoine Baumé, alitoa haidromita yenye vipimo vilivyotumika sana katika biashara ya vimiminika. Mwaka 1795 Ufaransa ilifafanua gramu kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji safi katika joto la barafu inayoyeyuka, na hiyo ndiyo sababu densiti ya maji ni karibu 1 kamili. Namba hiyo haikutokea kwa bahati.

Usahihi wa kipimo hiki ulizaa matunda makubwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Lord Rayleigh wa Uingereza aligundua kwamba naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa na gramu 1.2572 kwa lita, ilhali ile iliyotengenezwa kwa kemikali ilikuwa na 1.2505. Tofauti hiyo ndogo, karibu sehemu 1 katika 200, hakuipuuza, bali aliifuatilia pamoja na William Ramsay mpaka mwaka 1894 walipotangaza kuwapo kwa gesi mpya, agoni, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa ambayo binadamu huivuta kila siku. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Leo kipimo hicho kinafanya kazi ileile katika vituo vya kukusanyia maziwa vya Afrika Mashariki, ambako laktomita, yaani haidromita ya maziwa, hutumbukizwa kabla maziwa hayajapokelewa. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa na densiti ya takriban 1.028 hadi 1.034, na maji yakiongezwa hushuka. Lakini densiti peke yake haitoshi: kuondoa malai huipandisha, kwa hiyo anayeondoa malai kisha akaongeza maji anaweza kuirudisha palepale, kama vile tangisteni, yenye densiti ya 19.25, inavyoweza kufichwa ndani ya mche wa dhahabu. Ndiyo maana mpokeaji makini hupima mafuta ya maziwa pia, na mnunuzi makini wa dhahabu huongeza vipimo vingine.

Njia ya Archimedes sasa inaweza kufuatwa jikoni. Bakuli la maji huwekwa juu ya mizani ya kidijitali na mizani ikarudishwa sifuri, kisha jiwe lililokwisha kupimwa hufungwa uzi na kuning'inizwa ndani ya maji bila kugusa bakuli. Gramu zinazosomeka ndizo sentimita za ujazo wa jiwe hilo. Jiwe la gramu 540 likionyesha 200, densiti yake ni 2.7. Walimu wa sayansi, hasa katika shule zisizo na maabara, wanahimizwa kuwapa wanafunzi jaribio hili walifanye kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa mtoto aliyejifunza kuhakiki kitu kwa kipimo hatakubali kirahisi kudanganywa sokoni kwa macho na maneno.